Mgongo wa Mwanahawa

Ukimuuliza Mwanahawa binti Stambuli mgongo ulianza kumuuma lini, atakucheka. Mgongo wa mtu aliyebeba watoto wa wenzake miaka yote hiyo hauna siku ya kuanza kuuma. Unauma tu, naye amezoea kuamka nao kama wengine wanavyoamka na mume. Anachokumbuka vizuri ni asubuhi moja ya masika, alipoinuka na Faraja mgongoni, mguu wa kushoto ukafa ganzi, akabaki ameshikilia mlango wa bweni huku mtoto akimwuliza kulikoni. Akasema hakuna kitu, amesahau kandambili. Kandambili alikuwa nazo miguuni.

Mwanahawa si mtu wa milimani. Kwao ni Kingolwira, karibu na stesheni, na usichana wake aliumalizia kwenye kuuza mahindi ya kuchemsha kwa abiria wa treni. Huko akaonwa na Halidi, utingo wa lori la kabichi, akaolewa, akapandishwa Mgeta akiwa amekaa juu ya matenga matupu. Mwanzoni Halidi alikuwa akishuka na mzigo Dar na kurudi na sukari na kanga. Baadaye akawa anarudi na sukari bila kanga, kisha bila sukari, kisha hakurudi kabisa. Ikasemwa ameoa Mbagala. Watu walimshauri Mwanahawa amfuate, lakini asikwambie mtu, kumfuata mwanamume Dar ni kazi ya mtu aliyeshiba, na yeye siku zile alikuwa na njaa. Akaenda kuomba kazi ya kupika shuleni.

Shule yenyewe iko mahali ambapo ukidondosha nyanya, anaiokota jirani wa bondeni. Madarasa, jiko na vyoo viko chini, kwenye uwanja pekee uliosawazishwa. Bweni la watoto wenye ulemavu liko juu, kilimani. Ukiuliza ni nani mwenye akili zake aliyewaweka juu watoto wasioweza kutembea, utaambiwa mfadhili wa kwanza, aliyetoa saruji na mabati, alipenda jinsi milima inavyoonekana kutoka pale. Na kweli inaonekana vizuri. Kati ya juu na chini kuna njia ya miguu, mawe na udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata mbuzi huifikiria mara mbili.

Ndiyo njia iliyomtoa Mwanahawa jikoni. Siku moja, miaka hiyo, mtoto asiyetembea alikuwa amekwama juu na mwalimu wa zamu hayupo, akaambiwa Mama Mwanahawa, tusaidie kwa wiki hii tu, njia itatengenezwa. Akamtia mgongoni, akamfunga kanga, akashuka naye. Njia haijatengenezwa mpaka leo. Walichotengeneza ni cheo: akaitwa matroni wa kitengo cha watoto wenye ulemavu, na hao wasiotembea wakawa wake. Wengi wa watoto wa kitengo wana miguu mizima. Hawasikii, au hawaoni vizuri, au wana ualbino, nao hujiendea. Wa kubebwa ni wachache, na mwaka huu walikuwa watatu, wawili wadogo, wepesi kama vifuko vya pamba, na Faraja.

Faraja alikuja shuleni akiwa wa kubebwa kwa mkono mmoja. Miguu yake haikupata nguvu tangu alipozaliwa. Sasa yuko darasa la sita, ana mabega mapana, na mdomo, mashallah, mdomo wa kuuza duka. Akiwa mgongoni ndiye anayeendesha: Mama, kata kulia, hapo pana tope, Mama, pumzika, unahema. Alikuwa na mazoea ya kurudia masomo yake njiani, kwa sauti, kwenye sikio la Mwanahawa, kiasi kwamba Mwanahawa, aliyeacha shule akiwa darasa la nne, alijua sehemu na asilimia bila kuwahi kushika chaki. Walimu walisema mtoto huyu akifika darasa la saba atafaulu aende sekondari, tena za vipaji. Mwanahawa alikuwa akihesabu moyoni miezi iliyobaki na kuilinganisha na mgongo wake.

Maana kulikuwa na jambo. Mama yake Faraja alishafariki, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, neno la mjomba ndilo neno. Mjomba wake, Bonifasi, ni mkulima wa njegere ng'ambo ya bonde, mtu mpole wa maneno machache. Anaishi na mama yake mzazi, bibi yake Faraja, ambaye macho yalikuwa yamezima na sasa hata chai alikuwa hawezi kujimiminia bila kujiunguza. Bonifasi anashinda shamba, mkewe ana watoto wadogo na gulio la kuuza mboga. Mwanzoni mwa mwaka akaja shuleni, akaketi kwenye benchi la jikoni, akasema polepole kwamba anafikiria kumrudisha Faraja akae na bibi. Miguu hana, lakini macho anayo, mikono anayo. Yule wa nyumbani anahitaji macho tu.

Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja: kule kwenu, Mjomba, nani atambeba? Chooni, kisimani, kanisani, nani? Kwa Bonifasi kuna mteremko mkali kuliko wa shuleni, na mgongo wa ziada hana. Akanywa chai yake, akaaga, akaondoka. Basi hilo tu ndilo lililokuwa likimweka Faraja darasani, kwamba kwao hakuna mgongo na hapa upo. Mwanahawa alilijua hilo na lilimlemea kuliko mtoto mwenyewe.

Baada ya ile asubuhi ya mguu kufa ganzi alishuka mjini kwa daktari, akashukia stendi ya Msamvu amejipinda kama bibi kizee. Daktari akamgusa mgongo, akatazama picha ya mifupa yake, akamwambia asibebe tena kitu kizito. Kizito kama nini, akauliza. Kama ndoo ya maji, akajibiwa. Mwanahawa akacheka hapo hapo kwenye kiti cha hospitali, akapewa vidonge, akarudi Mgeta. Kesho yake alfajiri alimbeba Faraja kama kawaida. Hakumwambia mtu, isipokuwa Mwalimu Yasmin, kijana anayefundisha Kiingereza, na huyo alimwapisha anyamaze.

Ndipo zikaja habari za viti.

Mwalimu mkuu, Bartholomeo, alizitangaza mstarini kwa furaha ya kweli. Wazee wa kanisa moja huko Denmaki wamekusanya vifaa kwa ajili ya kitengo: madaftari, rangi, fimbo nyeupe, na viti vya magurudumu. Kontena limeshafika Dar. Mwanahawa aliposikia neno viti, alilazimika kuketi. Usimcheke. Wewe hujawahi kuomba usiku na mchana mgongo mwingine utoke mahali popote, ukaambiwa umeshafika bandarini.

Fuso likapanda na mzigo, ukashushwa, ukafungiwa stoo. Hapo sasa ndipo uuone utaratibu wetu. Mzigo wa mfadhili haufunguliwi mpaka mfadhili mwenyewe aje aukabidhi kwa mkono wake, watu wapige makofi, picha zipigwe. Wadenishi wakaahirisha safari, wakaahirisha tena. Muda wote huo viti vilikuwa gizani na Mwanahawa alikuwa akipita nje ya mlango wa stoo na Faraja mgongoni, asubuhi akishuka, jioni akipanda. Faraja alizoea kuugonga ule mlango kwa vidole kila wakipita, na kusema, hodi, wenyewe mpo?

Siku ya kuamkia sherehe ndipo stoo ilipofunguliwa ili viti vifutwe vumbi. Mwanahawa na Yasmin walivitoa kimoja kimoja. Vilikuwa vizuri, vinang'aa, vina mito ya bluu. Lakini magurudumu ya mbele yalikuwa madogo, ya kiganja cha mtoto, yale ya kutelezea kwenye vigae vya hospitali. Wakakisukuma kimoja mpaka mwanzo wa njia ya bweni, kikiwa kitupu. Kilipogusa jiwe la kwanza kikazunguka kikaangalia kilikotoka. Wakakirudisha. Yasmin akasema labda wakikivuta kinyumenyume. Wakakivuta kinyumenyume, kikazama. Mwanahawa akafuta matope kwenye magurudumu kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kila gurudumu, mpaka yakang'aa tena.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu. Bartholomeo si mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alimsikiliza, akavua miwani, akajipangusa uso. Akaeleza kwamba kuna shule anayoijua, wageni walileta magodoro, mtu mmoja akathubutu kusema ni membamba, na wale wageni hawakuonekana tena. Mgeni hapewi aibu mbele za watu, tena mzee aliyevuka bahari. Tupokee, tushukuru, mengine tutayaomba kwa barua. Kwa hiyo wakikuuliza, matroni, sema vinafaa sana. Mwanahawa akaitikia. Hata bila kuambiwa angesema hivyo hivyo. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa wote. Nani amewahi kupewa kitu na mgeni akasema hakinitoshi?

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Uwanja ulifagiliwa ukanyunyiziwa maji, watoto wakafuliwa sare, wazazi na walezi wakakaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani, Bonifasi akiwa miongoni mwao na shati lake la kanisani. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mzee mrefu mwenye masikio mekundu aitwaye Aksel, ambaye watu wakamwita Mzee Akseli mara moja. Akasoma maneno yake kwenye karatasi, Yasmin akitafsiri. Alisema viti hivi vilikuwa vimetupwa kwenye nyumba za wazee huko kwao. Yeye ni fundi mstaafu, akaviokota kimoja kimoja, akavitengeneza kwenye banda lake majira yote ya baridi. Kimoja kati ya hivyo, akasema, alikikalia mke wake mpaka alipofariki. Hapo akaikunja ile karatasi ingawa alikuwa hajaimaliza.

Kiti hicho cha marehemu ndicho alichopewa Faraja.

Mwanahawa alimweka mwenyewe. Faraja alishika magurudumu, akayasukuma kidogo, akaona anakwenda. Akayasukuma tena. Uwanja ule ulikuwa umesawazishwa vizuri, hauna hata kokoto, na kabla watu hawajakaa sawa mtoto alikuwa amefika kwenye mlingoti wa bendera, akauzunguka, akarudi, akapita mbele ya wageni huku anacheka kwa sauti. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kwenda mahali bila mtu chini yake. Watu walipiga vigelegele. Mwanahawa alisimama pale na mikono yake imening'inia haina kazi, akalia, na machozi yale yalikuwa ya furaha, yasije yakasemwa vingine.

Ndipo Mzee Akseli akamsogelea. Alikuwa ameambiwa huyu ndiye mlezi. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mikono ya fundi, weusi wa grisi umeingia kwenye mikunjo ya vidole hautoki tena, akauliza jambo kwa Kiingereza taratibu.

"Anauliza kama kiti kinafaa," Yasmin alitafsiri, macho yake yakiwa chini. "Anauliza kama kitampeleka kila anakotaka kwenda. Anasema umwambie ukweli."

Mwanahawa alimwangalia mwalimu mkuu, ambaye alikuwa akitabasamu kwa nguvu. Akamwangalia Faraja, aliyekuwa akizunguka mlingoti mara nyingine. Akaiangalia mikono iliyomshika.

"Kinafaa sana," alisema. Kisha, kwa kuona huruma, akaongeza chumvi ambayo hakuna aliyemwomba. "Mwambie kwamba Faraja hahitaji tena kubebwa."

Ikatafsiriwa kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili ili na wazazi wasikie. Makofi yakapigwa. Mzee Akseli akatoa leso akapenga kamasi. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa uongo mzuri kuliko kweli nyingi nilizowahi kusikia, na haukuchukua hata muda wa pilau kuiva kabla haujaanza kudai chake.

Wageni walikuwa darasani wakila wakati Bonifasi alipomfuata Mwanahawa jikoni. Uso wake ulikuwa umechangamka, kitu ambacho Mwanahawa hakuwahi kukiona. Alimshukuru. Alimshukuru kwa miaka yote, akamwambia Mungu ndiye atakayemlipa, maana binadamu hawezi.

"Siku ile uliniuliza nani atambeba kule kwetu, dada, nikakosa jibu," alisema. "Leo umenijibu mwenyewe, mbele ya watu wote. Hahitaji tena kubebwa. Nimeshamwambia akusanye nguo zake. Kiti tutakifunga kwenye pikipiki."

Mwanahawa alikuwa ameshika mwiko. Aliutia kwenye sufuria, akautoa, akautia tena. Akili yake yote ya wiki zile ilikuwa kwenye njia ya bweni, kwenye mgongo, kwenye kutomwaibisha mgeni. Kwamba kulikuwa na sikio jingine pale uwanjani linalongoja kusikia maneno yale yale, hilo halikumjia kabisa. Bonifasi alikuwa hajawahi kusikia Mwanahawa akidanganya. Kwa nini asimwamini?

Alitoka nje. Faraja alikuwa kwenye kiti chake chini ya ukuta wa stoo, hasukumi tena. Alimtazama Mwanahawa. Alikuwa ameyaweka madaftari yake mapajani, ya zamani na yale mapya ya Wadenishi, akiyashika kwa mikono yote miwili. Kuna uchovu unaotoka kwenye mifupa, huo Mwanahawa alikuwa anaujua kwa jina. Huu uliompata pale ulikuwa mwingine. Alijiona amechoka kuwa mtu mwema.

"Mjomba," aliita, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka darasani wageni wakageuka. "Nimesema uongo. Kile kiti hakifai."

Bartholomeo alitoka mbio na kitambaa cha kufutia mikono bado mkononi. Akamwambia Yasmin awatafsirie wageni kwamba matroni amechoka. Yasmin akageuka kwa Mzee Akseli, akamwambia maneno marefu zaidi ya hayo.

Mwanahawa hakungoja kuona yamepokelewaje. Alishika vishikio vya kiti, akamsukuma Faraja kuvuka uwanja, moja kwa moja mpaka njia ya bweni. Watu wakaanza kumfuata, wengine wakidhani ni sehemu ya ratiba, mzazi mmoja akaanzisha wimbo kisha akauacha. Kwenye jiwe la kwanza magurudumu ya mbele yakajipinda. Mwanahawa akasukuma. Kiti kikainuka upande, Faraja akashika mawe ya kando asianguke, madaftari yakamwagika. Mzee Akseli akafika anahema, akainama, akaangalia magurudumu yale aliyoyatia mafuta kwa mkono wake. Akajaribu mwenyewe. Alijaribu mbele, akajaribu nyuma, akakiinua, akakishusha, na sehemu ya kuwekea mguu ikachomoka ikabaki mkononi mwake. Njia ilikuwa bado inapanda mbele yao, na hapo walikuwa hawajafika hata kwenye kona.

Aliuliza jambo, kwa sauti ndogo.

"Anauliza, sasa huwa anapitaje," Yasmin alisema.

Mwanahawa alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni. Akageuka, akapiga goti, Faraja akamshika mabega, akapanda. Alianza kupanda njia na watu nyuma yake, hakuna anayeimba sasa. Alitaka Bonifasi aone. Alitaka aone jinsi kazi hiyo inavyofanywa, ili ajue kwamba kule kwake hakuna atakayeifanya, ili mambo yabaki kama yalivyokuwa. Hakumwombea Faraja sekondari wala makubwa. Alichokuwa anataka ni kesho tu, na mtondogoo, na siku ya mtihani.

Kwenye kona mgongo ukakataa. Haukuuma hata, ulikataa tu, kama mtu aliyeacha kazi. Magoti yakaenda chini, akaegemeza mikono kwenye udongo, na Faraja akabaki juu yake akisema, Mama, niweke chini, niweke chini. Hakuweza hata kumweka. Bonifasi ndiye aliyekuja kumnyanyua mtoto, akamgeuza, akamtia mgongoni mwake. Pale kwenye kona njia ya mkato ya kushukia barabarani inakutana na ile ya kupanda bwenini. Akasimama katikati ya njia hizo mbili na mtoto mgongoni. Watu wote walisimama. Mzee Akseli, chini kidogo, alikuwa bado ameshika kile kipande cha kuwekea mguu.

"Mama yangu haoni, dada," Bonifasi alisema. Alisema kama anayeomba, na ndivyo ilivyokuwa.

Mwanahawa alisema anajua. Bibi yule alikuwa anaungua mikono kweli, huko ng'ambo ya bonde, na hilo nalo halikuwa uongo.

"Leo mimi nitampandisha," Bonifasi akasema. "Kesho nani?"

Mwanahawa alifungua kinywa aseme, mimi. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Lakini alikuwa bado amepiga magoti, mikono kwenye udongo, na siku ile alikuwa ameshadanganya mara moja. Akakifunga kinywa.

"Kesho nitatambaa," Faraja alisema.

Mtoto huyu, ambaye hata bwenini huvuta pazia kabla ya kushuka kitandani ili wenzake wasimwone akijiburuta, alilisema hilo mbele ya wazazi, walimu na Wadenishi.

"Nitatambaa, mjomba. Lakini nitatambaa kwenda darasani."

Bonifasi akamweka mtoto sawa mgongoni, akaangalia mahali pa kukanyaga, akashika njia ya juu.